Anayebaki ni nani? Hotuba kuhusu namba 1,889,773

Hotuba ya maalim mstaafu mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi, Wete, Pemba, Siku ya Hisabati, tarehe 14 Machi.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa sheha, maalim mkuu, walimu wenzangu, wazee mliokaa huko nyuma mkinong'ona, na nyinyi wanangu mliokalishwa chini kwa sababu viti wamepewa wakubwa. Nimeambiwa nina dakika arobaini. Nilipokuwa kazini kipindi kimoja kilikuwa dakika arobaini na sikuwahi kumaliza somo hata siku moja, kwa hiyo msitaraji makubwa.

Niliombwa nizungumzie umuhimu wa hisabati katika maendeleo. Nimekataa. Hotuba hiyo mmeshaisikia, mkaipigia makofi, kisha mkarudi darasani mkalichukia somo vilevile. Leo nina namba moja tu. Hii hapa, naiandika ubaoni:

1,889,773

Nani anaijua? Wewe, mstari wa tatu. "Idadi ya watu wa Zanzibar." Ahsante mwanangu. Milioni moja, laki nane, themanini na tisa elfu, mia saba sabini na tatu. Ni sisi. Ni waliolala Unguja, Pemba na visiwa vyetu vidogo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, wakahesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi. Wanaume 915,492, wanawake 974,281. Wengine mliokaa hapo chini mmo humo ndani, mlihesabiwa mkiwa na makamasi.

Matokeo yalitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka ule. Jioni yake nilikuwa barazani na redio yangu. Tanzania nzima 61,741,120. Zanzibar 1,889,773. Jirani yangu akasema tumeongezeka, na kweli tumeongezeka, kwani sensa ya 2012 tulikuwa 1,303,569. Akaanza kuzungumza habari za viwanja na maji, mambo ya maana kabisa. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshatoa kalamu. Nilitaka kujua kama namba yetu ni tasa.

Nawaona kinamama wamenikazia macho. Tasa ni neno zito, na sijawahi kulipenda linapotupiwa mtu. Lakini ndilo lililoingia vitabuni, basi tulielewe. Chukua maembe 12 uyapange sokoni kwa mafungu yaliyo sawa. Utapata mafungu mawili ya sita, au matatu ya manne, au manne ya matatu, au sita ya mawilimawili. Haya, chukua maembe 13. Utapanga nini? Ama fungu moja kubwa la yote, ama embe mojamoja. Kumi na tatu ni tasa, haipangiki. Aliyeipa jina hilo alitazama upande mmoja tu, kwa sababu hizi anazoziita tasa ndizo zilizozizaa namba nyengine zote. 12 ni 2 mara 2 mara 3, na hakuna namba tasa nyengine zitakazokupa 12, uanzie mbele uanzie nyuma. Mimi ningeziita mama wa namba. Lakini kamati ya istilahi haikuja kuniuliza.

Namba ya 2012 haikunipa kazi. Jumlisheni tarakimu zake: 1 na 3 na 0 na 3 na 5 na 6 na 9. Ishirini na saba. Basi inagawanyika kwa 9, na mchezo umekwisha. Hii ya 2022 jumla ya tarakimu zake ni 43, kwa hiyo 3 nje. Ni witiri, 2 nje. Haiishii 0 wala 5. Kwa 7 inabaki 4. Kwa 11 inabaki 6. Kwa 13 inabaki 2, kwa 17 inabaki 2, kwa 19 inabaki 14.

Hapo umeme ukakatika.

Mjukuu wangu, wakati ule yuko darasa la sita, akaja kunimulikia kwa tochi ya simu. Akatazama daftari, akatazama uso wangu, akauliza: "Babu, kwani ukishajua itakuwaje?" Sikuwa na jibu. Nikampa penseli.

Kabla hatujaendelea tukakubaliana kazi inaishia wapi, maana hakuna kitu kibaya kama kutafuta bila kujua lini uache. Kama namba ina vigawo viwili, kimoja lazima kisizidi kipeuo cha pili cha namba hiyo. Vyote viwili vikizidi, ukivizidisha utaipita namba yenyewe. Sasa 1,374 mara 1,374 ni 1,887,876, na 1,375 mara 1,375 ni 1,890,625, imeshapita. Kwa hiyo tukifika 1,374 mikono mitupu, namba yetu ni tasa, twende tukalale. Kutoka 2 hadi hapo kuna namba tasa 220. Nilizitoa kwa chekecheo la Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Iskandaria zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kinamama mnalijua chekecheo: unga unapita, chenga zinabaki. Yeye alichekecha namba. Unafuta zote zinazogawanyika kwa 2, halafu kwa 3, halafu kwa 5, zinazobaki juu ndizo tasa.

Tukaendelea. Kwa 23 inabaki 1. Kwa 29 inabaki 17. Kwa 31 inabaki 13. Kwa 37 inabaki 35. Kwa 41 inabaki 1 tena. Mjukuu wangu akacheka. Tukagawa, tukagawa, tukafika 167. Inabaki 1. Akaweka penseli chini akasema: "Babu, huyu mmoja anayebaki kila mara ni nani?"

Nataka mlifikirie swali hilo, lina maana kuliko alivyokusudia mwenyewe. Wapange Wazanzibari wote kwa makundi ya watu 23, mmoja anabaki hana kundi. Wavunje uwapange kwa 41, mmoja anabaki. Kwa 167, mmoja. Kwa wawiliwawili, kwa watatuwatatu, kwa wannewanne, mmoja, mmoja, mmoja. Muombe mtu huyo akae pembeni kidogo, namba inakuwa 1,889,772, nayo ni 2 mara 2 mara 3 mara 23 mara 41 mara 167. Inapangika kila upande kama maembe 12. Ni makundi 2,004 ya watu 943 kila moja, nadhifu kabisa. Mtoe mtu mwengine, ibaki 1,889,771: ni 13 mara 17 mara 17 mara 503. Waongeze wawili juu ya namba yetu, 1,889,775: ni 3 mara 3 mara 5 mara 5 mara 37 mara 227. Namba hizi ni majirani wa ukuta kwa ukuta, na ukiacha ile 3 iliyojirudia, vigawo vyao havijuani. Mimi nimesomesha miaka mingi na jambo hili bado linanishangaza. Kuongeza moja ndiyo hesabu ya kwanza anayofundishwa mtoto, na hakuna anayeweza kuitazama namba kubwa akakwambia, kwa kuitazama tu, moja hiyo itavunja nini ndani yake.

Ilikuwa yapata saa nne za usiku. Simu imebaki asilimia tisa. Kwa 227 tunapungukiwa na wawili. Kwa 229 inabaki 65. Kwa 233 inabaki 143. Tukafika 239.

Tazameni ubaoni, hii ni rahisi kuliko inavyoonekana. 239 ni 240 kasoro moja. Tukaigawa, ikaja 7,907, na chini ya mstari hakuna kitu. Sikuamini, nikairudia kwa kuzidisha. 7,907 mara 240 ni 1,897,680. Toa 7,907 moja. Inakuja 1,889,773. Mjukuu alipiga ukelele mpaka bibi yake akatoka jikoni na upawa mkononi, akidhani tumeona nyoka.

Kwa hiyo si tasa. Ni 239 mara 7,907, na hawa wawili wenyewe ni tasa. 239 ni namba tasa ya 52 ukihesabu kutoka 2. Na 7,907 ni ya 999! Ya elfu moja ni 7,919. Vigawo vya namba yetu ni vinne tu: 1, 239, 7,907 na yenyewe. Mnaweza kuwapanga Wazanzibari wote makundi 7,907 ya watu 239, au makundi 239 ya watu 7,907, na hakuna anayebaki. Njia nyengine ya kuwapanga sawasawa haipo.

Hapo ningeweza kulala. Lakini 239 namba ninayoijua, tumejuana tangu nikiwa chuo cha ualimu. Nikakaa nayo mpaka simu ikazima, na nilichokiona nataka mkione kwa macho.

Nahitaji wanafunzi saba. Njooni mbele, msione haya. Kila mmoja ashike karatasi yake ya manila: 1, 8, 8, 9, 7, 7, 3. Simameni kwa mstari mtutazame. Sasa wewe wa mwanzo, mwenye 1, ondoka uende ukasimame mwisho kabisa. Tusomeni wote: 8,897,731. Nani ana kikokotoo? Gawa kwa 239. Ngapi? 37,229. Hakuna desimali? Hakuna. Haya, sasa aliye mwanzo, mwenye 8, na yeye aende mwisho: 8,977,318. Gawa. 37,562 kamili. Tena!

9,773,188 ni 239 mara 40,892.
7,731,889 ni 239 mara 32,351.
7,318,897 ni 239 mara 30,623.
3,188,977 ni 239 mara 13,343.

Na mkizunguka mara moja zaidi mmerudi nyumbani, 1,889,773. Ahsanteni, kaeni. Hapana, wewe mwenye 9 baki hapo hapo kwanza, nina kazi na karatasi yako.

Wazee mnatabasamu kama mmeona mazingaombwe. Mazingaombwe hayana sababu, hili linayo, na sababu yake mtoto wa darasa la saba anaiweza. Mwenye 1 alipotoka mwanzo kwenda mwisho, kimetokea nini? Wenzake wote wamesogea nafasi moja kushoto, yaani namba imezidishwa kwa 10: 18,897,730. Lakini ile 1 sasa haipo kwenye nafasi ya milioni kumi. Imekwenda kwenye nafasi ya mamoja. Kwa hiyo toa 10,000,000, ongeza 1. Yaani toa 9,999,999. Inakuja 8,897,731. Akihama mwenye 8, unatoa 9,999,999 mara nane. Kila anayehama, unatoa tisa saba kwa idadi ya tarakimu yake. Ndiyo maana nikakuzuia, mwanangu. Inua karatasi yako. Tisa saba mfululizo, sawa na 239 mara 41,841. Basi ukianza na kitu kinachogawanyika kwa 239, ukakizidisha kwa 10, ukatoa kitu kinachogawanyika kwa 239, unachobaki nacho kitagawanyika kwa 239. Hakina pa kwenda. Na mkumbuke sharti: lazima namba iwe ya tarakimu saba, kwa sababu tisa ni saba. Sensa ya 2012 nayo ilikuwa ya tarakimu saba, lakini ukiigawa kwa 239 inabaki 63, basi haizunguki.

Itazameni na hiyo 41,841.   Na ukigawa 1 kwa 239 unapata 0.0041841 0041841 0041841, haichoki mpaka Kiyama.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana najua kesho mtaani itasemwaje. Msitoke hapa mkasema Zanzibar ina siri katika namba yake. Wako watu wanaojumlisha herufi za jina la mtu na jina la mama yake kwa abjadi, wakamwambia nyota yake na nani amuoe. Sikuja kupiga ramli. Ukiokota namba yoyote, nafasi ya kugawanyika kwa 239 ni moja katika 239, nasi imetuangukia. Mtoto mmoja angezaliwa Micheweni kabla ya saa sita za usiku ule badala ya alfajiri, karani angemuandika kwenye kishikwambi chake, tungekuwa 1,889,774, namba ya shufwa, na mimi leo ningekuwa shambani. Yule mmoja aliyekuwa akibaki kila tukigawa, kumbe ndiye aliyelifunga hesabu. Bila yeye 239 haiingii. Sensa ni ya watu waliolala wapi na kuzaliwa lini, haina utaratibu. Lakini namba ikishatajwa tu, yaliyomo ndani yake hayabadiliki kwa amri ya mtu yeyote, si ya sheha, samahani Mheshimiwa, wala ya mwengine. Mimi hapo ndipo ninapopata raha yangu.

Nilisema 239 tumejuana zamani. Leo ni tarehe 14 Machi. Wamarekani huandika mwezi kwanza, 3/14, ndiyo ikawa siku ya π, ile namba ya duara inayoanza 3.14, na UNESCO mwaka 2019 wakaifanya Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Sisi tunaotanguliza siku ingetufaa zaidi 22 Julai, 22/7, lakini hatukuulizwa na hapo pia. Basi mwaka 1706 Mwingereza mmoja, John Machin, alipata tarakimu 100 za π baada ya nukta, kwa mkono, kwa wino. Mwaka huohuo William Jones akaitumia herufi hii π kitabuni kwa maana tunayoijua. Na ufunguo wa Machin ulikuwa namba mbili: 5 na 239.

Njia yake ni hivi. Panda kilima ambacho ukienda hatua tano mbele unainuka hatua moja. Hiyo ni pembe ndogo. Izidishe mara mbili, mwinuko unakuwa 5 kwa 12. Izidishe mara mbili tena, mwinuko unakuwa 120 kwa 119. Digrii 45 ni mwinuko wa 1 kwa 1, kwa hiyo umezidi, lakini kwa kiduchu. Kwa kiasi gani? Kwa pembe yenye mwinuko wa 1 kwa 239. Kwa nini 239? Kwa sababu 119 na 120 jumla yake ni 239. Pembe ndogo kama hiyo inakokotoleka upesi, na digrii 45, ukizipima kwa radiani, ni robo ya π. Machin akachukua pembe ya 1 kwa 5 mara nne, akatoa ya 1 kwa 239, akakaa na wino wake. Walimu wa sekondari, naomba hili mliandike ubaoni wiki hii, ni tanjenti ya pembe mbili tu, imo katika silabasi.

Mafundi seremala wako? Naona wawili. Mkitaka kuhakikisha fremu ya dirisha imekaa mraba, mnapima kona kwa kona. Tengeneza fremu ya sentimita 169 kwa 169. Kona kwa kona utapata 239. Unachokosea ni kama sehemu mbili za mia za milimita, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Kwa sababu 239 mara 239 ni 57,121, na 169 mara 169 ukiizidisha mara mbili ni 57,122. Zimepishana moja. Na huyu moja tena!

La mwisho kuhusu 239, kisha niiache. Chukua matofali madogo ya mchemraba, jenga michemraba kamili: ya 1, ya 8, ya 27, ya 64, ya 125. Namba yoyote ile unaweza kuipata kwa kujumlisha michemraba isiyozidi tisa. Nyingi hazihitaji hata tisa. Mwaka 1939 Mmarekani Leonard Dickson alithibitisha kwamba, katika namba zote zilizopo, zinazohitaji tisa kamili ni mbili tu. Moja ni 239: 125, 27 mara tatu, 8 mara nne, na 1. Hesabuni, ni tisa. Nyengine ni 23. Ile 23 iliyotubakishia mtu mmoja barazani. Nilipolikumbuka hilo usiku ule nilicheka peke yangu gizani, bibi akaniuliza kama nimeshikwa na homa.

Hebu tuwatoke sasa vigawo, tuitazame namba nzima. Mmeona halaiki pale Gombani kwenye sherehe za Mapinduzi, vijana wamepangwa safu kwa safu, mraba kamili. Nilijiuliza: tukiwapanga Wazanzibari wote kwa miraba miwili kamili, mikubwa midogo haidhuru, itawezekana? Haiwezekani, na sihitaji kujaribu. Mfaransa Fermat aliligusa jambo hili mwaka 1640, Mswisi Euler akalithibitisha karne iliyofuata. Ukigawa 239 kwa 4 inabaki 3, na imo ndani ya namba yetu mara moja tu. Hilo peke yake linatosha kuizuia miraba miwili. Lakini mitatu inawezekana. Nimeitafuta, nimeipata: mraba wa 1,372 kwa 1,372, wa 75 kwa 75, na wa 42 kwa 42. Jumlisheni mkifika nyumbani. Mimi ningependa niwe kwenye ule wa 42, nisimame karibu na kivuli.

7,907 nayo ukiigawa kwa 4 inabaki 3. Namba iliyotokana na tasa mbili za aina hiyo ina jina, wataalamu huiita namba ya Blum, na wanaifanyia kazi katika mambo ya siri za kompyuta. Kuzidisha 239 kwa 7,907 ni kazi ya dakika. Kutoka 1,889,773 kurudi nyuma, mimi na mjukuu tulichukua jioni nzima na chaji ya simu. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman waliigeuza tofauti hiyo kuwa kufuli, na kufuli za aina hiyo zinatumika kwenye intaneti hadi leo, ila namba zake zina tarakimu mamia. Moja yenye tarakimu 250 ilivunjwa mwaka 2020, kwa kompyuta nyingi na kwa miezi. Kwa hiyo msitumie idadi ya watu kuwa nywila.

Nilisema namba moja. Naomba nivunje ahadi kidogo. Tanzania nzima, 61,741,120. Tarakimu nne za mwanzo, 6174, zilimpa sifa mwalimu wa skuli mmoja wa India, Kaprekar wa Devlali. Chukua mwaka wa sensa, 2022. Panga tarakimu kutoka kubwa: 2220. Kutoka ndogo: 0222. Toa: 1998. Fanya tena: 9981 toa 1899, ni 8082. Tena: 8820 toa 0288, ni 8532. Tena: 8532 toa 2358, ni 6174. Endelea ukitaka: 7641 toa 1467, 6174. Umenasa. Namba yoyote ya tarakimu nne ambayo tarakimu zake si sare itafika hapo kwa hatua zisizozidi saba. Alikuwa mwalimu wa kawaida, mshahara wa kawaida, chaki kama hii.

Maalim mkuu ananionesha saa. Nimalizie na Pemba, maana nyumbani ni nyumbani. Kusini Pemba walihesabiwa 271,350. Ndugu zangu wa Chake, namba yenu ikiguswa tu inamwagika kama karafuu kwenye jamvi: 2 mara 3 mara 3 mara 3 mara 3 mara 5 mara 5 mara 67. Sisi Kaskazini ni 272,091. Jumla ya tarakimu 21, inagawanyika kwa 3, inakuja 90,697. Hapo ndipo iliponigomea. Usiku wa jana nimefika 137, inabaki 3. Kipeuo chake cha pili ni 301 na kidogo, kwa hiyo zimebaki namba tasa 29, kuanzia 139 hadi 293. Macho yangu yamechoka na nimekuja bila miwani.

Chaki hii hapa. Nani anaanza na 139?